Homa ya ini C na ujauzito: upasuaji, maziwa ya kopo au vidonge, pesa iende wapi?

Kiplastiki cheupe, ndugu yake kile cha kupimia mimba, kilikuwa kimelala juu ya pamba mezani. Mstari wa kwanza mwekundu wa kukoza. Wa pili umefifia kiasi kwamba nesi alikiinua akakielekeza dirishani, akakigeuza, akakirudisha mezani, akachukua kalamu. Kwenye karatasi akaandika "Anti-HCV: Reactive". Wifi yangu alikuwa na mimba ya wiki 26. Alikwenda pale kwa kifurushi cha vipimo wanachouziwa wajawazito: wekundu wa damu, sukari, kaswende, VVU, kundi la damu. Homa ya ini C ilikuwa imechomekwa tu humo ndani, na hakuna kati yetu aliyekuwa akiiwazia.

Ndani ya robo saa alikuwa ameshakatiwa shauri la mambo matatu. Atajifungua kwa upasuaji. Hatanyonyesha. Vidonge, "tutaona baadaye." Kipimo kinachofuata, kile cha kuonyesha kama kirusi kipo mwilini au kilishaondoka zamani, hakikutajwa hata kidogo. Hospitali yenyewe siitaji. Nimeshasikia habari kama hiyo kutoka kwa wengine waliopimwa kwingine.

Mimi si daktari. Ni wifi mtu niliyembebea mwenzangu mkoba kliniki hadi kliniki kwa karibu miaka miwili, nikauliza maswali mpaka manesi wakanizoea, na usiku nikasoma miongozo. Niliyoyaweka hapa ni yale ambayo yangetufaa siku ile kwenye benchi: chaguo hili na lile, kipi kinamsaidia mama na mtoto na kipi kinamaliza pesa tu. Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukiujua: pesa za upasuaji na za maziwa ya kopo zingefaa zaidi kwenye PCR, kile kipimo ambacho hakikutajwa, na kwenye vidonge. Dozi na tarehe zako atazipanga daktari wako.

Kipimo cha mistari na PCR

Kiplastiki hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwaunda siku ulipokutana na kirusi, na askari hao hubaki hata vita ikiisha. Kati ya watu 100 wanaoambukizwa homa ya ini C, 15 hadi 45 hukiondoa kirusi wenyewe ndani ya miezi sita bila dawa yoyote. Hao nao ukiwapima miaka mingi baadaye unaweza kukuta mistari miwili vilevile. Na mara chache kiplastiki hukosea tu.

PCR ndiyo inayotafuta kirusi chenyewe kwenye damu. Ikisema hakipo, basi upasuaji, kopo na vidonge vyote vinafutika kwenye mazungumzo. Kiplastiki ni cha bei ndogo, majibu ni dakika 20 hivi, hata zahanati inaweza kuwa nacho. PCR ni ghali, na kama sampuli inasafirishwa unaweza kungoja siku kadhaa au wiki. Watu wakiziweka bei hizo mbili pamoja huona PCR ni anasa. Mimi naona tunalinganisha visivyolingana: iweke PCR pembeni ya bei ya upasuaji, na pembeni ya makopo ya maziwa ya mwaka mzima, ndipo uamue kama ni ghali.

Jambo moja tulilochelewa kulijua: mashine ya GeneXpert, ileile inayopima kifua kikuu kwenye hospitali nyingi za umma, ina katriji yake ya homa ya ini C. Mashine mara nyingi ipo. La kuuliza ni kama katriji ipo. Tulizunguka maabara tatu za binafsi kabla kijana mmoja wa maabara hajatunong'oneza hivyo akiwa anafunga mlango. Kama una bima, uliza pia kabla hujatoa damu, si baada.

Usikubali kubadilishiwa PCR kwa kipimo cha vimeng'enya vya ini, ALT na wenzake. Ni vizuri kuvijua, ila kwa mwenye homa ya ini C vimeng'enya hivyo mara nyingi hushuka mimba inapokua na kupanda tena baada ya kujifungua. Wifi aliwahi kuambiwa "ini lako zuri mno, mama" akiwa wiki ya 31. PCR yake ya wiki ileile ilisoma kirusi tele.

B, C na E

Kwenye mabenchi ya kliniki zote huitwa "homa ya ini", na hapo ndipo ushauri wa ugonjwa mmoja unapovishwa mwingine.

B inaambukiza watoto wachanga kwa kasi. Mama mwenye virusi vingi vya B asipopata msaada wowote, watoto 70 hadi 90 kati ya 100 wanaweza kuambukizwa, na mchanga akiambukizwa, karibu 9 kati ya 10 hubaki nayo maisha. Lakini B ina silaha: chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa, kisha zile za penta za wiki ya 6, 10 na 14, na dawa ya tenofovir kwa mama mwenye virusi vingi. C ni kinyume chake. Haina chanjo, na penta hailindi chochote upande huo. Hakuna sindano ya kumkinga mtoto. Ila hatari yenyewe ni ndogo: kwa mama mwenye C peke yake, watoto 5 au 6 kati ya 100 ndio huambukizwa. Akiwa na VVU pia, idadi hukaribia 11. Nilipoigeuza hesabu ile nikamwambia wifi kwamba 94 hawaguswi, ndiyo siku ya kwanza alilala bila kuniamsha usiku.

E ndiyo ya kuogopwa na mjamzito, na watu wengi hawajawahi kuisikia. Inakuja kwa maji machafu. Mlipuko wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda, ulioanza 2007 uliwafanya watu zaidi ya 10,000 kuugua, na waliokuwa na mimba kubwa ndio walioumia zaidi. Kwa hiyo mjamzito akigeuka macho manjano ghafla, anatapika, anaongea maneno yasiyoeleweka, asikae nyumbani akingoja majibu ya C. Hiyo ni hospitali leo hii. C yenyewe kwa kawaida huwa kimya.

Kimya, isipokuwa jambo moja: muwasho. Wenye homa ya ini C hupata zaidi ile hali ya nyongo kukwama wakati wa mimba. Viganja na nyayo zinawasha, usiku hasa, na hakuna upele. Wifi alidhani ni sabuni mpya. Ukiona hivyo omba kipimo cha tindikali za nyongo kwenye damu, maana zikiwa juu sana madaktari huweza kuwahisha kujifungua kwa ajili ya mtoto.

Na baba wa mtoto? Kaka yangu, Mungu amsamehe, wiki ya kwanza alianza kuhesabu miaka. Kirusi hiki ni cha damu. Kati ya mke na mume kupitia tendo la ndoa huambukizwa kwa nadra. Kinapita kwenye sindano iliyorudiwa, damu iliyoongezwa bila kupimwa, wembe wa chale au wa kupiga chuku uliotumika kwa mtu na mwenzake, na kwa wanaojidunga unga, bomba na sindano za kushirikiana. Kilitambuliwa 1989 tu. Kabla ya hapo hakuna damu popote duniani iliyoweza kupimwa. Misri, iliyokuwa na wagonjwa wengi kuliko karibu nchi yoyote, wanakijiji wake walikipata kwenye kampeni za serikali za kutibu kichocho, kuanzia miaka ya 1950 hadi 1980, sindano zilipokuwa zikipita mkono hadi mkono. Watu walikwenda kutibiwa wakarudi nacho. Wifi aliongezewa damu utotoni kwa malaria kali. Huenda ni pale, huenda si pale, na kaka akipimwa alikuwa hana. Aliyeanza kuomba radhi ni yeye.

Upasuaji au njia ya kawaida

Kwa homa ya ini C peke yake, tafiti zilizolinganisha mama waliojifungua kawaida na waliopangiwa upasuaji hazikuona upasuaji ukimpunguzia mtoto maambukizi. Sehemu ya watoto wanaoambukizwa hukipata wakiwa bado tumboni, kabla kisu hakijanolewa. Ndiyo maana miongozo inasema upasuaji ufanywe kwa sababu zake za kawaida: kovu la zamani, mtoto kukaa vibaya, uchungu kukwama, mama kutoka damu. Mwenye VVU na C pamoja, uamuzi unafuata hesabu ya virusi vya VVU, si ya C.

Upande wa pili wa mizani uko wazi zaidi. Kidonda, siku za kulazwa, gharama, na mimba zinazofuata zenye kovu. Kwa mwanamke wa miaka 27 anayetaka watoto wengine wawili, kovu la bure ni deni la muda mrefu.

Kinachostahili kusemwa leba ni kidogo, nasi tulikiandika kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki. Kwamba chupa isipasuliwe mapema bila sababu, na ikijipasukia nyumbani mama asikae akisubiri uchungu "ukolee", kwa kuwa chupa kukaa wazi zaidi ya saa 6 kumehusishwa na maambukizi kuongezeka. Kwamba asiongezwe njia ila pakilazimu. Kwamba mtoto asichomekwe waya wa kichwani wa kupimia mapigo, kama hospitali inautumia. Mkunga mtu mzima aliyekuwa zamu usiku ule alisoma, akasema, "Haya mama, mimi kila damu naishika kama ina kitu," akaendelea na kazi yake. Saa nne baadaye alitoka binti wa kilo 3.1, njia ya kawaida.

Ziwa au kopo

Mama yangu, ambaye kwake ndiye mkwe, alifika na makopo mawili ya maziwa hata kabla ya mtoto.

"Mwanangu, mimi nimeshanunua. Usije ukampa mjukuu wangu sumu."

Wifi alinyamaza, kama mkwe anavyonyamaziwa. Nikaingia mimi. "Mama, maziwa hayana neno. Chenye neno ni damu."

"Na chuchu zikichanika?"

Swali lilikuwa zuri kuliko yote tuliyoulizwa hospitali. Chuchu ikichanika ikatoa damu, upande ule unapumzishwa: anakamua, anamwaga, mtoto ananyonya upande mzima, kidonda kikipona anarudi. Nje ya hapo, wanawake wenye homa ya ini C hunyonyesha, na watoto wao hawajaonekana kuambukizwa zaidi ya wale wa kopo. Ndivyo wanavyoshauri wataalamu kote, Marekani na Ulaya ambako maji ya bomba ni safi na kopo ni rahisi kulipata. Kwetu sisi tunaochemsha maji kwa mkaa, kopo linaongeza hatari yake: chupa isiyooshwa vizuri, maji yasiyochemka, unga uliopunguzwa ili ufike mwisho wa mwezi. Mtoto anakimbizwa hatari asiyokuwa nayo anaingizwa kwenye kuhara. Mwenye VVU pia afuate kliniki yake inavyomwelekeza kuhusu kunyonyesha na dawa.

Makopo yale mawili tuliyanywea chai.

Vidonge: kabla, wakati, baada

Hapa ndipo penye uchaguzi wenyewe, na ndipo tulipopoteza muda mwingi.

Dawa zimebadilika kabisa. Vidonge vya sasa, kama sofosbuvir pamoja na daclatasvir, au sofosbuvir na velpatasvir ndani ya kidonge kimoja, humezwa wiki 12. Glecaprevir na pibrentasvir kwa wengi ni wiki 8. Zaidi ya watu 95 kati ya 100 hupona, na kupona hapa maana yake kirusi kimeondoka, si kutulizwa. Sofosbuvir ilipotoka Marekani mwishoni mwa 2013, kidonge kimoja kilikuwa dola 1,000. Misri mwaka uliofuata ikapata kozi nzima kwa dola 900, ikaanza kutengeneza zake, ikapima mamilioni ya watu, na 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kuwa imefika ngazi ya dhahabu kwenye njia ya kuutokomeza ugonjwa. Leo nchi zinazonunua kwa pamoja zinaweza kupata kozi kwa takriban dola 60. Dukani bei ni nyingine, lakini si ile ya kuuza shamba.

Kabla ya mimba ndilo chaguo bora, bila ubishi. Wiki 12 za kumeza, wiki 12 za kungoja, PCR ya kuthibitisha, kisha unabeba mimba ukiwa huna cha kumpa mtoto. Hakuna njia nyingine inayomwondolea mtoto hatari yote. Yanayotakiwa ni uzazi wa mpango katika kipindi hicho, na humo kuna mtego mdogo: vidonge vya majira vyenye estrojeni havipatani na glecaprevir na pibrentasvir, vinaweza kupandisha vimeng'enya vya ini. Kijiti, sindano au kitanzi havina ugomvi huo. Na kama daktari ameongeza ribavirin, habari ni tofauti kabisa, maana ribavirin huharibu mimba. Mke au mume akiimeza, kubeba mimba kunasubiri nusu mwaka au zaidi baada ya kidonge cha mwisho. Soma kopo. Jina hilo likiwepo, uliza mara mbili.

Tatizo la chaguo hili ni kwamba wengi wetu tunaujua ugonjwa tukiwa tumeshabeba. Kliniki ya wajawazito ndiyo mara ya kwanza mwanamke kijana anatolewa damu kwa vipimo vingi hivyo. Marekani tangu 2020 wanashauri kila mjamzito apimwe C, kila mimba. Huku kwetu, kama haimo kwenye vipimo vya kliniki yako na uliwahi kuongezewa damu, kusafishwa figo au kujidunga, iombe mwenyewe.

Wakati wa mimba. Kwa akili ya kawaida ungesema meza sasa hivi, umkinge mtoto. Watafiti wa Pittsburgh walijaribu kwa wanawake 9 waliokuwa na mimba ya karibu miezi sita, wakawapa sofosbuvir na ledipasvir kwa wiki 12; virusi vilitoweka kwa waliofuatiliwa hadi mwisho. Tafiti kubwa zaidi zimefuata. Madaktari wa ini wa Marekani wanaruhusu jambo hili lizungumzwe mama mmoja mmoja. Lakini dawa hizi bado hazijawa za kawaida kwa wajawazito, na mwongozo wa kumpa kila mmoja haujafika kwenye kliniki zetu. Kuna na mambo madogo ya mwili: velpatasvir inahitaji tindikali ya tumbo ili inyonywe, na ni mjamzito gani asiye na kiungulia mwezi wa saba? Dawa ya kiungulia inaweza kuila dawa ya ini.

Nikiziweka zote mbili kwenye mizani, kwa mama ambaye ini lake halijasinyaa naona kungoja kunavumilika. Ugonjwa wenyewe ni wa mwendo wa kobe. Ini kusinyaa huchukua miaka, mara nyingi 20 au zaidi. Miezi minne haitabadilisha ini lake, na mtoto ana nafasi 94 kati ya 100 hata bila dawa. Mama mwenye dalili za ini kusinyaa ni habari nyingine, huyo anahitaji bingwa, si makala. Na anayegundua ana mimba katikati ya kozi asiache wala asiendelee kimyakimya: ampigie daktari siku hiyohiyo, na ribavirin ikiwemo isimamishwe mara moja.

Baada. Hapa ndipo neno "baadaye" linapoua mambo. Ushahidi wa dawa hizi kwenye maziwa ya mama ni mdogo, kwa hiyo madaktari hugawanyika. Wapo wanaokubali kuanza mama akiwa ananyonyesha, baada ya kuzungumza naye, na wapo wanaotaka amalize kwanza. Kuanza baada ya arobaini kuna faida moja kubwa, mama bado yumo kwenye mzunguko wa kliniki, simu yake ipo kwenye daftari. Kungoja hadi mtoto aache ziwa kunaondoa wasiwasi wa maziwa, lakini kwetu ziwa ni miaka miwili, na ndani ya miaka miwili mimba nyingine huwa imeshaingia na hesabu inaanza upya. Nimeona hilo kwa jirani. Mtoto wa pili yuko darasa la kwanza na vidonge bado "baadaye".

Wifi alichagua katikati. Aliweka kijiti wiki ya sita, akanyonyesha miezi 14, akaachisha. Tarehe ya kuanza dawa aliiandikiwa kabla hajatoka wodini, na nadhani ndiyo iliyomwokoa kuliko uchaguzi wa mwezi gani. Kabla ya kidonge cha kwanza walirudia PCR, kwa kuwa wapo wanawake wachache ambao mwili hukitimua kirusi wenyewe miezi ya baada ya kujifungua. Chake kilikuwepo. Wakampima na homa ya ini B, kwa sababu dawa hizi zinaweza kuiamsha B iliyolala. Wakamuuliza kama anatumia dawa za kifua kikuu. Rifampicin haiendi na hizi.

Kuhusu dawa ipi, wengi watapewa iliyopo. Ila kwa wasomaji wa Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo niongeze kitu. Huko aina ya 4 ya kirusi ndiyo imetawala, na ndani yake kuna kitawi kinachoitwa 4r. Utafiti wa Rwanda uliowatibu watu 300 kwa sofosbuvir na ledipasvir uliponya 87 kati ya 100, lakini wenye 4r waliopona walizidi nusu kidogo tu. Uliza unapewa mchanganyiko gani.

Mtoto apimwe lini

Mtoto anazaliwa na kingamwili za mama, na zinaweza kukaa hadi miezi 18. Kwa hiyo kiplastiki cha mistari kwa mtoto wa wiki sita hakisemi chochote kumhusu yeye. Kinamsoma mama yake. Nasisitiza kwa kuwa ndicho walichotaka kumpimia yule binti, na tungerudi nyumbani na msiba usiokuwepo.

Zipo njia mbili. PCR kati ya mwezi wa pili na wa sita, ambayo Marekani tangu 2023 wameifanya ndiyo ya kwanza, au kingamwili mtoto akitimiza miezi 18. Ya kwanza ni ghali na mshipa wa mtoto mdogo ni kazi kuupata. Nesi wetu alichoma mara tatu, mimi nikatoka nje. Ya pili ni rahisi, na inaangukia siku moja na chanjo ya pili ya surua na rubella ya miezi 18, kwa hiyo hakuna safari ya ziada. Dosari yake ni kusahaulika: ukifika mwezi wa 18 mtoto anakimbia, ananenepa, na hakuna anayekumbuka karatasi. Kama pesa ipo, mimi ni wa PCR. Kama haipo, iandike kwenye kadi ya mtoto, kwenye mstari uleule wa surua, kwa kalamu nyekundu.

Ikionekana anacho? Baadhi ya watoto huondoa kirusi wenyewe katika miaka ya mwanzo. Asiyeondoa anaweza kutibiwa kwa vidonge kuanzia miaka 3, na kwa kawaida hadi hapo anakua kama wenzake. Hatengwi vyombo wala kitanda, kinachotengwa ni wembe na mswaki.

Binti wa kwetu alipimwa akiwa na miezi minne. Hakipo.

Mama yake alimeza makopo matatu ya vidonge 28, saa mbili usiku kila siku, kengele ya simu ikilia mlio wa jogoo mpaka mtoto akajifunza kuuiga. Wiki 12 baada ya kidonge cha 84 alirudi kwa PCR ya mwisho, nayo ikatoka safi. Daktari alipomkabidhi karatasi alimwambia kitu ambacho sikuwa nimekisoma kwa lugha ya wazi popote: kingamwili hazitoki. Mimba ijayo, kwenye kliniki yoyote, kiplastiki kitaonyesha tena mistari miwili, na nesi asiyemjua anaweza kuanza upya habari za kisu na kopo. Wifi aliikunja karatasi mara nne, akaiingiza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki, akafunga fundo.